Mamba Aliyetaka Kula Mahari Yangu

Baba yangu nusura aninyime mume kwa sababu ya mamba. Tena si mamba wa kweli. Ni mamba wa gazetini, ambaye hakuwahi kuota jua juu ya jiwe lolote wala kumla mtu yeyote mwenye mama, na hata hivyo alitutoa jasho nyumba nzima. Wajukuu wangu nikiwasimulia hucheka, wakidhani natia chumvi. Mimi sitii. Aliyetia chumvi ni babu yao, mume mwenyewe, na ndiyo iliyotuponza.

Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya Wabelgiji, ingawa wakati huo hakuna aliyetuambia kwamba ni ya mwisho. Wazungu wa Bukavu walikaa kule chini, kwenye rasi zinazoingia ziwani, katika nyumba zenye maua hadi dirishani. Sisi tulikuwa Kadutu, mlimani, ambako mvua ikinyesha unashuka kwa matako utake usitake. Baba alikuwa mtu wa Kalehe, mtoto wa ziwa. Ujana wake aliumalizia kwenye mitumbwi, na mimi nilipokuwa msichana alikuwa fundi wa mashua pale bandarini, mikono yake ikinuka lami hata siku ya Pasaka. Mama aliuza maharage sokoni. Mimi nilifundisha wanawake kushona katika nyumba ya masista, na nilijua kusoma vizuri, jambo ambalo baba alijivunia mbele za watu na kulilalamikia nyumbani.

Mchumba wangu alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, biro kama tulivyoiita. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Alizaliwa huko Mwenga, nchi ya misitu na mito na machimbo ya dhahabu, akaja Bukavu kwa ajili ya shule na kazi. Tulijuana kwenye kwaya, ambako aliimba vibaya kwa moyo wote. Alikuwa mpole mno. Ungekutana naye barabarani usingejua kwamba ndani ya kile kichwa kilichochanwa vizuri watu walikuwa wakipigana risasi kutwa nzima.

Maana alikuwa mwandishi. Kulikuwa na gazeti dogo la Kiswahili lililotoka mara mbili kwa mwezi. Ukurasa wa mbele ulikuwa wa mambo ya serikali na maaskofu, na sikumbuki kumwona mtu akiusoma. Watu walifungua moja kwa moja ukurasa wa nyuma, kwenye hadithi ya karani wangu. Ilikuwa hadithi ya vita vya kwanza, vile vya Wajerumani, walipokuwa wamekishika kisiwa cha Idjwi katikati ya ziwa letu. Shujaa wake alikuwa Koplo mmoja aliyetumwa kisiwani kuiba ramani ya mizinga. Aliyemwinda Koplo alikuwa mpelelezi mwenye jicho moja la kioo, ambaye kila akitaka kuua mtu alilitoa lile jicho, akalifuta kwa kitambaa, akalirudisha mahali pake. Kila sehemu iliishia mahali pabaya: kamba inakatika, mlango unasukumwa, kiberiti kinawashwa ndani ya chumba cha baruti. Kisha mnaachwa mngoje gazeti lijalo, na roho zenu mkononi.

Jumapili, baada ya misa, mimi niliisoma kwa sauti barazani kwetu. Majirani walikuja na viti vyao. Fundi cherehani wa jirani alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Baba alikaa kwenye kiti chake na kiko chake mdomoni, akisikiliza kama hakimu.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sijalisahau. Watu wote wa barazani walikubali kudanganywa, ila kila mmoja hakukubali kudanganywa juu ya kazi yake. Fundi cherehani alimeza jicho la kioo bila hata maji, lakini Koplo aliposhona koti la afisa kwa mkono kabla ya jogoo kuwika, alisimama akapinga. "Koti ya ofisye? Na mifuko yake? Hapana, hapo ananitukana." Mama naye hakusumbuliwa na bastola wala mizinga. Alichokataa ni kwamba Koplo alibandika maharage, akajificha kidogo nyuma ya nyumba, akarudi akayala. "Maharagi ya wapi hiyo? Aniletee mbegu yake niuzishe."

Na kazi ya baba, bahati mbaya, ilikuwa ziwa. Na hadithi nzima ilikuwa juu ya ziwa.

"Tochi?" alisema tangu sehemu ya kwanza. "Mu ile vita, mutu mweusi alikuwa na tochi? Sisi tulikuwa tunatafuta njia na miguu."

"Niache kusoma, Papa?"

"Soma, Maman. Soma. Nisikie bongo yake mpaka mwisho."

Maman ndivyo baba alivyoniita mimi bintiye, na bongo kwetu ni uongo. Nami nilisoma, nikijikaza nisicheke, kwa sababu mwenye bongo hiyo alikuwa amekwisha kuja nyumbani mara moja kujitambulisha, na baba alikuwa amemkubali nusu. Nusu ya pili ingetoka siku ya kuzungumza ng'ombe wa mahari.

Basi ikafika Jumapili ya mamba. Mpelelezi amekamatwa. Wako kwenye mtumbwi, karibu na Idjwi, mawimbi yanapiga. Ghafla anajikata kamba, anamsukuma Koplo, anajitupa majini na ramani imo kifuani mwake. Bastola ya Koplo imelowa. Mpelelezi anaogelea, anacheka, anakaribia ufuko. Nilisoma polepole kwa makusudi, maana nilikuwa naona watu wamesogea mpaka ukingoni mwa viti. Kisha maji yakapasuka, na taya za mamba mkubwa kuliko mtumbwi zikamfunga yule mtu katikati, ramani, jicho na vyote.

Baraza lililipuka. Fundi cherehani alirusha kofia yake ikaangukia paa la jirani. Wanawake walipiga vigelegele, na mzee mmoja aliyekuwa na kisirani tangu nimjue alinishika mkono akanishukuru mimi, kana kwamba mamba ni wa kwetu. Baba peke yake alikuwa amesimama, kiko kimemtoka mdomoni.

"Mamba?" aliuliza.

"Mamba, Papa."

"Mu Kivu?"

"Njo vile ameandika."

Hapa asiye mtu wa kwetu anahitaji kuambiwa. Ziwa Kivu halina mamba. Tanganyika wanao, na mito ya chini huko wanao, lakini Kivu hakuna hata mmoja. Watoto wa Bukavu hujifunza kuogelea kabla ya kujifunza adabu. Kila mtu aliyekuwa pale barazani alikuwa amekwisha kuoga ziwani maisha yake yote, na kila mmoja alijua, na hakuna aliyejali. Hilo ndilo lililomuuma baba kuliko mamba mwenyewe.

"Beye benyewe banakoga mule!" alimwambia mama, akiwaonyesha majirani waliokuwa wakiondoka wakiigiza taya kwa mikono. "Benyewe! Na banapiga vigelegele!"

Nilipomkabili mchumba wangu nyuma ya kanisa, alinitazama kwa mshangao wa kweli. Kwao Mwenga, maji makubwa yana mamba kama vile nyumba ina mwenyewe. Hakuwahi kuuliza kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba kuna jambo la kuuliza.

"Lakini wewe umekaa Bukavu tangu shule," nilimwambia. "Haubaone batoto mu maji?"

"Ninabaona," alisema. "Nilikuwa ninabasikitikia."

Miaka yote ile, kumbe, alikuwa akipita mbali na ufuko kwa hofu ya kuliwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani na sketi yangu ya Jumapili. Yeye hakucheka. Alikuwa ameanza kuelewa kwamba Jumamosi ya wiki hiyo hiyo baba yake mdogo alikuwa anapanda lori kutoka Mwenga kuja kuzungumza ng'ombe na mzee wa Kalehe.

Desturi ya nyumbani kwetu ilikuwa hivi: watu wa kijana wakija na kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, hawazungumzi ng'ombe mara moja. Kwanza watu wa msichana wanatafuta makosa. Umechelewa, unalipa. Umeketi kabla ya kuambiwa keti, unalipa. Malipo hayo tuliyaita amande, na yalikuwa ni kibuyu kingine cha kasiksi, basi, kinanyweka hapo hapo na watu wanacheka. Ni mchezo, lakini mchezo ambao baba wa msichana anaweza kuugeuza akitaka.

Baba mdogo wa mchumba wangu alikuwa mchimba dhahabu, mtu mnene mwenye sauti ya chini, aliyekuja amejiandaa kulipa amande za kawaida. Baba hakumwuliza kwa nini amechelewa. Aliniita, akaniambia nilete magazeti yote, nisome makosa moja moja mbele ya wageni.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasoma. Tochi. Mtumbwi wa watu wengi unaendeshwa na Koplo peke yake, tena kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine unapiga bastola. Upepo unavuma kutoka upande ambao haujawahi kuvuma tangu ziwa liumbwe. Kwa kila kosa baba aliinua kidole, na yule mgeni, ambaye hakuwa amesoma gazeti hata siku moja, aliitikia kwa unyenyekevu na kuagiza kibuyu kingine kifunguliwe. Tulipofika kwa mamba, niliona jasho limemtoka. Aliniinamia akanong'ona, "Mutoto yangu, uyu mamba alikula nani wa ku familia yenu?"

Mama aliondoka akaenda kuchekea jikoni. Lakini baba hakuwa anacheka tena.

"Kasiksi tumekunywa, tunashukuru," alisema. "Ngombe, hapana, bado. Mutu anaesema bongo juu ya maji, kesho atasema bongo ku bibi yake. Kijana ataandika ile vita vile ilikuwa. Mimi nilikuwako. Akuje hapa kila Samedi, nitamuambia. Siku hadithi itakuwa kweli, mutarudi na ngombe. Isipokuwa kweli, musirudi."

Nilichemka. Nililia jikoni kwa hasira, si kwa huzuni. Nilimkasirikia baba kwa ukaidi wake, nikamkasirikia yule mwingine kwa kutokuuliza swali ambalo mtoto mchanga wa Kadutu angemjibu. Mama aliendelea kuchambua maharage yake. "Nyamaza," aliniambia. "Ule mutoto ya Mwenga atajifunza kuogelea."

Akaanza kuja. Kila Jumamosi mchana, biro ikifungwa, alipanda Kadutu na karatasi zake chini ya kwapa. Baba alimkalisha kwenye kiti kidogo na kumsimulia. Namna wapiga kafi wanavyokaa, nani mbele, nani nyuma. Namna mtumbwi unavyozibwa ukivuja. Namna askari walivyotapika. Namna walivyongoja ufukoni Kalehe amri ya kuvuka, wakangoja, wakala maharage, wakangoja tena. Mchumba wangu aliandika yote bila kubisha. Nilimpenda kwa hilo, na lilinitia wasiwasi vilevile.

Kwanza alimwondoa mamba. Katika sehemu iliyofuata ilielezwa kwamba lile lililoonekana kuwa mamba lilikuwa gogo, na mpelelezi amefika ufukoni salama. Barazani watu walizomea. Fundi cherehani aliniuliza mimi, akiwa amekunja uso, ni nani amewanyang'anya mamba wao. Kisha zikaja sehemu za kweli. Koplo alijifunza kupiga kafi. Koplo alingoja amri. Koplo alibeba sanduku kutoka hapa hadi pale, na sehemu iliyofuata akalirudisha, kwa sababu amri ilikuwa imebadilika.

"Hii vita iko bila adui?" aliuliza fundi cherehani.

"Adui tulikuwa hatumuone," alijibu baba kwa fahari. "Tulikuwa tunaona mizigo."

Viti vilianza kupungua. Yule mzee mwenye kisirani aliacha kuja kabisa. Na Jumapili moja, nikiwa katikati ya maelezo marefu ya kuziba mtumbwi, maelezo ambayo baba mwenyewe aliyatoa neno kwa neno, nilisikia mkoromo. Nilimtazama mama. Mama alimsukuma begani. "Papa, amuka. Uko mu gazeti."

Baba alisema hakuwa amelala, alikuwa anasikiliza ndani kwa ndani.

Padri aliyesimamia lile gazeti hakulala. Alimwita karani wangu akamwambia wasomaji wanalalamika, hadithi imegeuka mafundisho ya useremala, na kwa hiyo imebaki sehemu moja tu, kisha nafasi hiyo itapewa mambo ya ufugaji wa kuku. Mchumba wangu alinipa habari hiyo njiani, tukitoka kwaya, na uso wake ulikuwa umesinyaa.

"Sehemu moja," alisema. "Papa yako hajasema kama iko kweli ao hapana. Ikiisha bila yeye kusema, imeisha. Ngombe, ndoa, yote."

"Na wewe unataka kuandika nini?"

"Sijue. Zamani nilikuwa ninajua vitu viwili tu juu ya ile vita: kisiwa kilikamatwa, kisiwa kilirudishwa. Katikati kulikuwa nafasi, mi nikaingia."

"Ukaingia na mamba."

"Nikaingia na mamba," alikubali. "Sasa papa yako amejaza nafasi yote. Hakuna fasi ya mutu kukimbia."

Nilimwonea huruma, lakini pia nilikuwa nimechoka nao wote wawili, na nilimwambia hivyo. Nikamwambia kitu kingine ambacho kilikuwa kikinizunguka kichwani tangu mkoromo ule. Baba alikuwa ametueleza vita vyake tangu utoto wetu, na kila mara alianza Kalehe na kuishia Idjwi, siku kisiwa kiliporudishwa. Lakini sote tulijua kwamba vita havikuishia pale. Watu walipelekwa mbali, mpaka Tabora. "Muulize namna ilimalizika," nilisema. "Usimuulize mambo ya mitumbwi tena. Muulize namna alirudi."

Jumamosi hiyo nilikaa karibu, nikijifanya napiga pindo la sketi. Mchumba wangu alisikiliza habari za Idjwi kama kawaida, akaweka kalamu chini, akauliza, "Papa, na kisha? Mulirudi namna gani ku nyumba?"

Baba alivuta kiko kilichokuwa kimezimika. Nilifikiri atamfukuza.

Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kueleza mitumbwi, kwamba baada ya kisiwa waliwafanya wapagazi, yeye na mdogo wake. Mimi sikuwa najua kwamba baba alikuwa na mdogo wake. Walitembea na jeshi kwenda Tabora, kila mmoja na sanduku kichwani. Njiani mdogo wake akashikwa na tumbo. Watu wengi walishikwa na tumbo. Alifia kando ya njia asubuhi moja, wakamzika pamoja na wengine haraka haraka, kwa sababu mstari haukusimama, na hata leo akipelekwa kule hawezi kuonyesha mahali.

"Nilirudi peke yangu," alisema. "Mama akaniuliza, mudogo wako iko wapi? Sikuweza. Nikamuambia iko nyuma, anakuja. Kuanzia ile siku, kila mangaribi, alikuwa anamuwekea chakula. Mpaka alikufa, alikuwa anamuwekea. Ile njo bongo yangu. Sina ingine. Tangu pale sipendi bongo."

Niliichomeka sindano kwenye pindo nikaiacha. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu maisha yangu yote, nikamdhania ni mkaidi tu wa mambo ya mamba. Nilimsikitikia yeye, na mama yake, bibi ambaye sikumwona, na zile sahani zote.

Mchumba wangu hakuandika. Alikuwa na akili ya kutosha kuacha kalamu pale ilipokuwa.

"Weye unajua kuandika vitu ambavyo havikukuwa," baba alimwambia. "Umurudishe."

"Papa?"

"Mu gazeti. Mudogo wangu. Umurudishe ku nyumba."

"Lakini Papa, mulisema kweli tupu. Na haikukuwa vile."

"Ninajua haikukuwa vile," baba alisema. "Nilikuwako."

Hapo yule karani akachukua kalamu. Sijawahi kuona watu wawili wakifanya kazi namna ile. Akaandika kwamba kijana anakuja kwa barabara, na baba akamkatiza: hapana, mtu anayetoka upande wa Tabora anavuka ziwa, atakuja kutoka majini, atapita kwenye migomba. Akaandika kwamba kijana anakimbia. Baba akakataa: miguu iliyotoka Tabora haikimbii, atembee polepole, tena achechemee kidogo. Mlango wa nyumba ya mama yao ulitazama ziwa, si mlima. Mama yao wakati ule wa jioni angekuwa amekaa nje, mkono wa kushoto kwa mlango, anapepeta kwenye ungo, kwa sababu ndani kulikuwa giza. Mbwa hapana, hawakuwa na mbwa. Moshi ndiyo, moshi uwepo. Kila kitu cha siku ile ambayo haikutokea, baba alikitaka kiwe sahihi, na mchumba wangu alifuta na kuandika upya mpaka karatasi ikatoboka.

Kisha akauliza, "Na mama yenu, Papa, wakati anamuona, anasema nini?"

Baba, ambaye alikuwa na jibu la upepo na la kafi na la lami, alitazama mikono yake.

"Ile sijue," alisema mwishowe. "Ile, utafute weye."

Jumapili ya sehemu ya mwisho baraza lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Habari ilikuwa imeenea kwamba inaisha, na kitu kinachoisha watu hukipenda upya. Mchumba wangu alisimama mbali, chini ya paa la jirani. Baba yake mdogo alikuwa amepanda lori tena bila kualikwa, na alikuwa amekaa karibu na mama, amevaa koti, akisubiri kuambiwa kama ni kosa.

Nikasoma. Karani wangu alikuwa amewarudishia watu mali yao: Koplo aliwasha moto chumba cha baruti, mpelelezi akatoa jicho akalifuta, wakafukuzana juu ya mawe mpaka mmoja akaporomoka, na si vigumu kujua ni yupi. Bastola ililia mara nyingi kuliko bastola yoyote inavyoweza kulia bila kujazwa. Fundi cherehani alikuwa akipiga mapaja yake. Nilimtazama baba kwa pembe ya jicho, nikingoja kidole kiinuke. Hakikuinuka. Aliwaachia watu furaha yao.

Kisha Koplo akaagana na mwenzake, kijana mmoja mpiga kafi kutoka Kalehe, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha na ambaye alitaka kwenda kwao. Kijana akavuka ziwa. Akapita kwenye migomba, polepole, akichechemea. Moshi ulikuwa unatoka. Mama yake alikuwa nje, kushoto kwa mlango, na ungo magotini. Akainua uso.

Sikuwa nimeona mstari uliofuata kabla ya hapo. Mchumba wangu alikuwa ameupeleka kwa mchapaji bila kumwonyesha mtu. Nikausoma kama ulivyokuwa:

"Umechelewa," mama yake akamwambia. "Keti. Chakula kimepoa."

Hakukuwa na kitu kingine. Hadithi ilikuwa imekwisha.

Nilimtazama baba. Alikuwa analia mbele ya watu wote, bila kuficha uso, mikono yake ya lami imelala magotini. Mama alikuwa amemshika mkono wa shati.

"Njo vile," baba alisema. "Angesema vile. Vile vile kabisa."

Akajifuta kwa kiganja, akamgeukia yule mchimba dhahabu wa Mwenga, na kumwambia walete ng'ombe.